Kufuatilia kimbunga kinachokuja pwani yetu: njia, nguvu na upande wa hatari

Kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, wakati wengi tulishaona msimu umekwisha. Sisi wenye boti Kilwa hatusubiri kalenda. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ikitoa tahadhari tu, daftari linafunguliwa.

Hatua ya 1: Chora njia mwenyewe

Kila taarifa inapotoka, andika latitudo na longitudo ya kitovu, yaani katikati ya kimbunga. Kituo cha hali ya hewa cha Réunion, kisiwa cha Ufaransa kwenye Bahari ya Hindi, ndicho chenye dhamana ya vimbunga vya eneo letu, hutoa taarifa kila baada ya saa 6, kwa muda wa UTC, yaani saa za kimataifa. Ongeza saa 3: 06 UTC kwetu ni saa tatu asubuhi.

Chukua mfano. Saa tatu asubuhi kitovu kipo nyuzi 43.0 mashariki, saa tisa alasiri kipo 42.0. Uzi mmoja huku kwetu ni kama kilomita 110, basi kinakwenda kilomita 18 kwa saa. Mafia ipo karibu na 39.8. Kikishika mwendo huo huo kitafika baada ya saa 13 hivi, lakini mawimbi yatatangulia mbali. Boti zipandishwe mapema.

Lile eneo linalotanuka kwenye ramani ya utabiri huonyesha kitovu kinaweza kupita wapi. Ukiwa nje yake bado upepo na mvua vinaweza kukupata.

Hatua ya 2: Pima nguvu kwa chanzo kimoja

Réunion hupiga wastani wa upepo wa dakika 10, Wamarekani dakika 1, kwa hiyo namba za Wamarekani huwa kubwa kwa dhoruba ile ile. Usizichanganye. Kwa kipimo cha Réunion, kuanzia kilomita 118 kwa saa ndipo dhoruba inaitwa kimbunga kamili.

Ukisikia kinadhoofika, usishushe pumzi. Hidaya kilipungua nguvu pwani, lakini mvua yake ilikata barabara kuu ya kusini pale Somanga.

Hatua ya 3: Jua upo upande gani

Hapa ndipo naomba msome taratibu. Kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama mshale wa saa. Kikija kutoka mashariki, kwanza utapata kusi, upepo wa kutoka kusini. Upe upepo mgongo: kitovu kipo upande wa mkono wako wa kulia.

Kisha angalia upepo unavyogeuka. Kusi ikigeuka kuwa matlai, upepo wa mashariki, kitovu kinapita kaskazini yako, na huo ndio upande mbaya: upepo unasukuma bahari nchi kavu. Maji hayo yakikutana na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo, ondoka ufukweni kabla hayajajaa. Upepo ukigeuka kuwa umande, yaani wa magharibi, kinapita kusini yako. Upepo usipogeuka kabisa huku ukizidi nguvu, kinakujia moja kwa moja.

Hatua ya 4: Barometa

Hiki ni kipimo cha mgandamizo wa hewa; simu nyingine zinacho. Mgandamizo wa hewa huku hupanda na kushuka wenyewe kila siku: juu saa nne, chini saa kumi, mchana na usiku. Kwa hiyo linganisha na saa ile ile ya jana. Mgandamizo ukishuka zaidi ya hektopaskali 3 (kipimo chake kwenye barometa) chini ya jana, na upepo haugeuki, hamisha familia mara moja.

Upepo ukikatika ghafla katikati ya dhoruba, huenda mpo ndani ya jicho, sehemu tulivu katikati ya kimbunga. Mtu asitoke kwenda kutazama boti. Upepo utarudi kutoka upande wa pili.