Lebo ya dawa ya choo na jiki: mtengenezaji mdogo wa Tanga aandike nini

Anza na chupa. Dawa ya choo iliyotiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa haina lebo ya kuiokoa, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu hasomi, na mtu mzima mwenye kiu usiku hawashi taa kwanza. Nunua chupa za plastiki nzito zisizopitisha mwanga, zenye umbo lisilofanana na la kinywaji chochote. Ukipata vifuniko vya kubonyeza ndipo vizunguke, ongeza bei kidogo uvitumie.

Kazi hii iko chini ya Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani, Sura 182, iliyotungwa mwaka 2003. Anayeisimamia ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na mtengenezaji anatakiwa kujisajili huko. Usichapishe nembo ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, kabla ya kupewa leseni ya kuitumia. Dawa za mende, mbu na panya ni viuatilifu, zina mamlaka yake, kwa hiyo mwongozo huu hauzihusu.

Lebo kamili, kwa mfumo wa Umoja wa Mataifa ujulikanao kama GHS, ina vitu sita: jina la bidhaa na kemikali iliyomo, neno la tahadhari, picha ya hatari, maelezo ya madhara, maelezo ya kujikinga na huduma ya kwanza, na mawasiliano ya mtengenezaji. Neno la tahadhari ni moja tu, HATARI au ONYO. Ukiyaweka yote mawili, msomaji hajui ashike lipi.

Utajuaje lipi ni lako? Pima pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi au alkali: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali. Bidhaa yenye pH ya 2 kushuka chini, au 11.5 kwenda juu, huhesabiwa kuwa inaunguza mpaka vipimo vingine vithibitishe vinginevyo: andika HATARI, na weka picha ya kimiminika kinachomwagikia mkono na chuma, ndani ya mraba uliosimama kwa pembe wenye mpaka mwekundu. Dawa ya choo yenye asidi ya hidrokloriki haina haja ya kubishaniwa, hata asilimia 1 yake iko chini ya pH 2. Kwa jiki, usiamini karatasi ya pH, kwani klorini huchubua rangi yake na kukupa jibu la uongo. Tumia kipimo cha umeme, au ihesabu moja kwa moja kuwa inaunguza. Sabuni ya maji ya vyombo iliyokaa kati ya pH 7 na 9 kwa kawaida huhitaji ONYO na alama ya mshangao, kwa ajili ya macho.

Maneno ya dawa ya choo yawe hivi:

HATARI. Ina asidi ya hidrokloriki, asilimia ....
Huunguza ngozi na kuharibu macho.
USICHANGANYE NA JIKI. Hutoa gesi ya sumu.
Vaa glovu za mpira. Weka mbali na watoto.
Ikiingia machoni: osha kwa maji yanayotiririka dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali.
Ikimezwa: sukutua mdomo. USIMTAPISHE. Mpeleke hospitali pamoja na chupa hii.
Ujazo, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa, jina lako, mtaa, Tanga, simu.

Taja jiki kwa jina. "Usichanganye na kemikali nyingine" haimwambii kitu mama anayesafisha choo, na hizo mbili ndizo zinazokaa pamoja bafuni. Kwenye lebo ya jiki andika vivyo hivyo kuhusu dawa ya choo. Wengi huongeza "apewe maziwa". Liondoe, maana mgonjwa anaweza kutapika, na asidi ikirudi juu inaunguza koo mara ya pili.

Jiki lazima iwe na tarehe, kwa kuwa nguvu yake hupungua kwa joto na mwanga, na joto letu la pwani halina huruma. Pia hutoa hewa, chupa huvimba. Ihifadhi kivulini, isimame wima.

Kwa ukubwa, kipimo cha Ulaya ni kizuri kukiiga: chupa isiyozidi lita 3 iwe na lebo ya milimita 52 kwa 74 angalau. Lebo ya karatasi iliyochapwa kwa wino wa maji itafutika tone la kwanza likidondoka. Chapa kwenye stika ya plastiki, au kwa printa ya leza kisha ufunike kwa selotepu pana. Futa chupa kwa spiriti, ikauke, bandika kabla ya kujaza. Isiwe kwenye kifuniko, kifuniko huhama.

Mahali lebo inapopotea zaidi ni dukani, pale dumu linapogawanywa. Ukimuuzia mwenye duka wa Ngamiani au Makorora dumu la lita 20, mpe na lebo 40 za nusu lita, na uzihesabu mbele yake.