Jinsi ya kuipima ATCL ukiwa Mwanza: usihesabu ndege, tafuta nani analipa

Kila serikali ikipokea ndege mpya pale Dar, huku Mwanza ligi ya ubishi juu ya ATCL, yani shirika letu la ndege Air Tanzania, inaanza upya, kuanzia vijiwe vya Kirumba mpaka kwenye kivuko cha Kamanga. Mmoja anasema twiga, ile nembo ya shirika, kafufuka sa tutaruka mpaka London, mwingine anasema lile shirika la kuzika tu, hela zetu zinaliwa. Wote wawili ushahidi wao ni picha ya ndege ikimwagiwa maji. Mi naona kuna njia ya kujua hali ya shirika bila kuwa mhasibu wala rubani, simu yenye bando inatosha, ila uanze na swali moja kabla ya mengine yote: ndege ikikaa chini wiki nzima, bili inaenda kwa nani?

Kwa hiyo anza na umiliki, maana wengi wanauruka. Air Tanzania ilizaliwa 1977 baada ya East African Airways kuvunjika, ikawa ya serikali mia kwa mia. 2002 serikali ikawauzia South African Airways asilimia 49 kwa dola milioni 20, ndoa ikavunjika 2006 hisa zikarudi nyumbani, afu mwishoni mwa 2008 shirika likanyang'anywa cheti cha kurusha ndege kwa muda. Kuanzia 2016 serikali ikaanza kununua ndege mpya, na hapa ndo pa kuweka alama: ndege hizo hazikuwekwa kuwa mali ya ATCL, zikawekwa chini ya TGFA, wakala wa ndege za serikali, na ATCL inazikodi. Yani unayemuona anaendesha siye mwenye gari. Mpango huo una faida yake, anayeidai ATCL hawezi kuzikamata kirahisi. Ila upande wa pili tuliuona Agosti 2019, Airbus ilipozuiliwa Johannesburg kisa kuna mkulima alikuwa anaidai serikali fidia, deni ambalo shirika la ndege halikuhusika nalo hata chembe. Ndege ya serikali inabeba na madeni ya serikali.

Ukishaelewa hilo nenda kwenye ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Inakabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi, Aprili inaingia bungeni, baada ya hapo inawekwa wazi unaipakua bure. Usisome yote utalala, chukua kitabu cha mashirika ya umma, tafuta jina ATCL, soma hizo aya tu. Hasara ya 2021/22 ilikuwa shilingi bilioni 35.2, mwaka uliofuata bilioni 56.6, halafu 2023/24 ikafika bilioni 91.8. Sasa usiishie hapo ukakimbilia kijiweni. Tazama ndani ya hiyo hasara kuna nini, gharama ya kukodi ndege ni kiasi gani na matengenezo kiasi gani, na serikali iliweka ruzuku kiasi gani mwaka huo, maana hasara baada ya ruzuku na hasara kabla ya ruzuku ni wanyama wawili tofauti na wanasiasa wanapenda kuwachanganya. Kingine, mwenye ndege ni serikali, mpangaji ni shirika la serikali, kodi ikipanda hasara inapanda, kodi ikisamehewa shirika linaonekana limepona ghafla na hakuna abiria hata mmoja aliyeongezeka. Ukiona hasara imeshuka, kagua kwanza kama kodi nayo haijaguswa.

Tuje kwenye ndege zenyewe. Kufikia 2024 hesabu ilikuwa 16: Q300 moja, Q400 tano (hizi mbili ni za pangaboi na ni familia moja), Airbus A220 nne, Boeing 737 MAX 9 mbili, Dreamliner tatu na 767 moja ya mizigo. Kwenye karatasi inapendeza. Ila A220 zilipata shida ya injini za Pratt & Whitney, tatizo la mtengenezaji lililosumbua mashirika dunia nzima, na Novemba 2022 ATCL ikatangaza kuziweka chini. Ile ndege inabeba watu 132, Q400 inabeba 76, sa piga mwenyewe hesabu jeti moja ikitoka kwenye ruti afu ikaja pangaboi kuziba pengo, watu zaidi ya hamsini wanabaki bila siti na nauli inapaa.

Kuhakikisha usitegemee matangazo. Fungua Flightradar24, tafuta Air Tanzania, utaona kila ndege na namba yake ya usajili inayoanza na 5H, bonyeza hiyo namba utaona safari zake za siku za karibuni. Ndege inayofanya kazi utakuta ina mistari mingi kila siku, iliyolala haina kitu. Andika zinazoruka kwenye daftari, rudia baada ya wiki mbili tatu, maana siku moja haitoshi, inaweza kuwa ipo kwenye ukaguzi wa kawaida tu. Hata bila intaneti ukiwa pale uwanja wa Mwanza unaweza kujua iliyokuja ni ipi: mabawa yako juu ya madirisha na kila pangaboi lina makafi sita, hiyo Q400, injini zinaning'inia chini ya bawa na mwili mwembamba, hiyo A220 au 737.

Maoni yangu hapa ni kwamba ndege 16 zenye familia tano za ndege ni mzigo. Rubani wa Dreamliner huwezi kumuamisha kesho akarushe Q400, spea haziingiliani, mafundi wanahitaji mafunzo tofauti. Kwa hiyo ukisikia wanaongeza ndege, swali sio ngapi, swali ni za aina gani. Ikiongezeka ya aina iliyopo tayari, afadhali. Ikija ya aina ya sita, shika kichwa.

Ruti nazo zina namna yake ya kusomwa. Kutangaza ruti ni kazi ya siku moja, kuishi nayo ndo shughuli. Angalia wanaenda siku ngapi kwa wiki, angalia miezi sita baadae kama siku zimebaki zilezile. Kwa mtu wa huku angalia pia kama ndege ya asubuhi kutoka Mwanza inakufikisha Dar kabla ya zile za Dubai, Mumbai au Guangzhou hazijaondoka, ukilala Dar usiku mmoja gesti na teksi vimeshakula punguzo lote la tiketi. Bukoba ni habari nyingine, uwanja mfupi ule, jeti haiendi, kwa hiyo afya ya Q400 ndo afya ya safari za Kagera.

Mzigo ndo unaouma zaidi. 767 ya mizigo ilikuja Juni 2023, uwezo wake tani 54, na kila mtu hapa akasema basi minofu ya sangara itapandia nyumbani badala ya kwenda na malori yenye majokofu mpaka Entebbe au Nairobi. Soko kubwa la minofu ni Ulaya. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku Air Tanzania kwenye anga yake, na Juni 2025 marufuku ikapanuliwa kwa mashirika yote yenye cheti cha Tanzania. Soma vizuri hiyo ya pili: tatizo halikuwa la ATCL peke yake, usimamizi wa usalama wa anga wa nchi nao ulikuwa mezani. Kwa hiyo mwenye kiwanda cha samaki asipange mkataba wa Ulaya kwa kutegemea ndege hiyo mpaka jina litoke kwenye orodha, orodha yenyewe inatolewa upya mara kwa mara, unaisoma mtandaoni. Mabondo, yale mapufu ya hewa ya samaki, ya kwenda China hayazuiwi na hilo, ila muulize wakala wa mizigo ndege inarudi na nini, maana ikirudi tupu gharama ya kurudi utailipa wewe kwenye kilo.

Mwisho habari za mbia, ambazo hazikauki. Ukisikia mbia anakuja, asilimia itakuwa 49 au chini, na sio uchoyo: mikataba mingi ya anga kati ya nchi na nchi inataka shirika limilikiwe na kuongozwa na wenyeji, ukizidisha unaweza kupoteza haki ya kuruka. Kenya waliwauzia KLM asilimia 26 mwaka 1996, bado madeni yaliwafika shingoni. Ethiopian ni ya serikali mia kwa mia na inapasua anga. Na SAA tuliyemuozesha sisi, Desemba 2019 mwenyewe aliingia kwenye uangalizi wa kufilisika. Kwa hiyo asilimia achana nazo, tafuta majibu ya haya: hayo madeni ya zamani anayabeba au yanabaki hazina, anakuja na hela au na jina tu, TGFA itaendelea kuwa mwenye ndege au la, na abiria wa Mwanza atapelekwa kuunganishia wapi, Dar au kwa huyo mbia. Wakikujibu matatu na la hazina wakalipita kimya, ujue analipa ni wewe.