Kupiga "Jin-Go-Lo-Ba" kwa ngoma zetu

Vijana wangu wa kikundi hapa Busia wakiiva kwa ngoma za nyumbani, nawapa Drums of Passion, albamu ya mwaka 1960 ya Babatunde Olatunji, Mnaijeria aliyehamia Marekani. Ndimo ulimo "Jin-Go-Lo-Ba", wimbo ambao bendi ya Santana iliurudia 1969 kwa jina la "Jingo".

Usiusikilizie kwenye spika ya simu. Simu inaua besi, na ngoma nzito ndiyo inayobeba wimbo. Azima spika kubwa, au vaa hedifoni.

Mara ya kwanza sikilizeni tu, mikono mapajani. Halafu fuateni mlio wa chini peke yake mpaka kila mmoja aweze kuutamka kwa mdomo, du, du-du. Asiyeweza kuutamka simpi ngoma, hata akilia.

Sasa gawa kazi. Embuutu, ngoma kubwa ya Kiganda, ishike huo mlio wa chini, na mwenzake empuunyi itunze mwendo. Engalabi, ile ndefu ya ngozi ya kenge, ndiyo msemaji, kwa hiyo mpe kijana mwenye sikio, si mwenye nguvu. Ianike juani kwanza, au iote moto kwa mbali. Iguse kwa ncha za vidole: ikitoa "pa" kavu, iko tayari, ikisema "bu", bado. Ukiisogeza motoni mno ngozi inapasuka, na kenge hapatikani sokoni.

Tabu kubwa ni baakisimba, mdundo wa ngoma wa Waganda. Aliyelelewa nayo, mikono inamrudisha kule bila yeye kujua. Usimkemee. Nyamazisha wengine wote, abaki yeye na mpiga makofi mmoja, polepole, mpaka mikono ikubali. Kasi ije baadaye kabisa.

Kuimba hakusumbui: mmoja anaita, wengine wanaitikia, kama tulivyozoea. Ila maneno ya Kiyoruba yaacheni yalivyo. Na mkifika kwenye "Shango", wimbo mwingine wa albamu hiyo, waambie watoto kwanza kwamba ni wimbo wa mungu wa radi wa Wayoruba. Ni ibada ya watu, iheshimiwe.

Kama huna engalabi, nenda Mpambire, kwa mafundi wa barabara ya Masaka, upande wa Mpigi, Uganda. Ipige kabla ya kulipa, ukague vigingi kimoja kimoja. Kimoja kikicheza, ngozi italegea kabla hujafika nyumbani.