Somo: Kuchagua turbo kubwa zaidi kwa gari la barabarani, kwa kuanza na mizunguko unayoishi

Swali linalorudi kila mara ni hili: "Nataka nguvu za farasi 400, nifunge turbo gani?" Swali limeanzia mwisho. Farasi 400 hukaa kwenye mizunguko 7,000 ya injini kwa dakika, na huko siko unakoishi wewe. Unaishi kwenye mizunguko 2,500, nyuma ya basi, unangoja nafasi ya kupita. (Kwa mgeni: turbo ni feni mbili kwenye shafti moja. Tabini inasukumwa na moshi wa ekzosi, nayo inazungusha kompresa inayobana hewa ya injini. Mbano huo ndio busti.)

Ada ya somo hili nimeshailipa. Niliwahi kuwa na sedani ya lita 2, nikaifunga turbo iliyokuwa inaingia, yaani inaanza kutoa busti, kwenye mizunguko 4,800. Kwenye daino (mashine ya kupima nguvu za gari) karatasi ilipendeza, nikaionyesha watu. Kisha siku moja niko nyuma ya lori mlimani, gia ya tatu, mizunguko 3,000. Nikatoka, nikakanyaga mpaka chini. Sindano ya geji ya busti ikabaki imelala kwenye sifuri. Moja. Mbili. Lori bado liko ubavuni. Ya tatu sindano ikaruka, tairi zikalia, na kona ndiyo hiyo imefika. Nikarudi nyuma ya lori, viganja vimelowa. Ikiwa na turbo yake ya kiwandani, gari hiyohiyo ingekuwa imeshapita zamani.

Kwa hiyo tunaanza chini, tunapanda juu.

Hatua ya 1: Andika mizunguko yako

Kwa wiki moja, kila unapokanyaga kwa nguvu, angalia sindano ya mizunguko ilikuwa wapi ulipoanza kukanyaga. Usiangalie ilipofika. Ukifika, andika. Wengi wakimaliza wiki wanashangaa: karibu yote ni kati ya 2,000 na 4,500. Hapo ndipo turbo yako mpya inatakiwa iwe macho. Kwa injini ya lita 2 inayotembea barabarani, mimi siafiki busti kamili ichelewe kupita 3,500. Injini ya lita 3 inatoa moshi mwingi zaidi wa kusukuma tabini, kwa hiyo turbo ileile itaingia mapema zaidi kwake. Ndiyo maana kunakili turbo ya rafiki mwenye injini tofauti ni kama kuazima viatu vyake.

Hatua ya 2: Hesabu ya hewa

Hapa usiruke. Injini ya petroli yenye turbo hutoa takriban farasi 22 kwa kila kilo moja ya hewa inayoivuta kwa dakika. Tuseme unataka farasi 300 kwenye kranki. Gawa kwa 22, unapata kilo 13.6 za hewa kwa dakika.

Injini ya lita 2 huvuta lita zake 2 kila inapozunguka mara mbili. Kwenye mizunguko 7,000 hiyo ni lita 7,000 kwa dakika, lakini silinda hazijai kikamilifu, kwa hiyo chukua asilimia 92: lita 6,440. Ili kilo 13.6 ziingie kwenye nafasi hiyo, lazima hewa ibanwe. Ikiwa hewa inaingia kwenye injini ikiwa na nyuzi 45, shinikizo linalohitajika ni kama kilopaskali 193. Usawa wa bahari kuna 101 za bure, hivyo busti kwenye manifoldi ya kuingizia hewa ni kilopaskali 92, yaani takriban bar 0.9.

Lakini kompresa haijali geji yako inasema nini. Yenyewe inajua uwiano tu: shinikizo la kutoka gawa kwa shinikizo la kuingia. Intakula (kipoza hewa kati ya turbo na injini) inapoteza kama kilopaskali 10 njiani, basi kompresa inatakiwa itoe 203. Filta na bomba lake vinakula kama 5, basi inavuta kwenye 96. 203 kwa 96 ni 2.1. Sasa unazo namba mbili, kilo 13.6 na uwiano wa 2.1, na kwa namba hizo ndipo unaweza kufungua katalogi.

Hatua ya 3: Soma ramani ya kompresa

Mtengenezaji wa maana hutoa ramani ya kila kompresa yake. Chini ni kiasi cha hewa, pembeni ni uwiano wa shinikizo, katikati kuna visiwa vya ufanisi kama mistari ya vilima kwenye ramani ya jiografia. (Angalia vipimo, nyingi zimeandikwa kwa pauni kwa dakika. Kilo 13.6 ni pauni 30.) Weka nukta yako ya kwanza. Ikiangukia kisiwa cha asilimia 75, hewa iliyovutwa na nyuzi 30 itatoka na nyuzi kama 125. Ikiangukia ukingoni kwenye asilimia 60, itatoka na karibu 150. Busti ni ileile, lakini intakula na petroli yako vitalipa tofauti hiyo.

Watu wengi huishia kwenye nukta hiyo moja. Mimi nakusihi uweke ya pili: uwiano uleule kwenye mizunguko 3,500, ambako hewa ni nusu, kilo 6.8. Hii ndiyo nukta ya maisha yako. Iangalie imekaa wapi ukilinganisha na mstari wa kushoto kabisa wa ramani, ninaouita mstari wa kukohoa. Upande wa kushoto wa mstari huo kompresa inasukuma hewa isiyo na pa kwenda, hewa inarudi nyuma, turbo inatoa sauti ya tu-tu-tu huku umekanyaga, na beringi ya kuzuia msukumo wa mbele na nyuma inapigwa nyundo kila tu moja. Kompresa kubwa kupita kiasi inausogeza mstari huo kulia mpaka unaimeza nukta yako ya pili. Upande mwingine wa ramani kuna kukabwa: kompresa ndogo inazunguka kama kichaa na hewa haiongezeki.

Turbo inayofaa ni ile ambayo nukta zote mbili ziko ndani yake. Zikishindana, mimi naisikiliza ya pili.

Hatua ya 4: Upande wa moto

Nyumba ya tabini, ile yenye umbo la konokono, ina namba inayoitwa A/R, kwa mfano 0.63 au 0.82. Ichukulie kama mdomo wa mpira wa kumwagilia. Ukiubana kwa kidole maji yanaruka mbali. Ukiuachia yanatoka mengi bila kasi. Namba ndogo: moshi unapiga tabini kwa kasi, turbo inaingia mapema, lakini juu injini inabanwa pumzi na joto linapanda. Namba kubwa ni kinyume chake. Kwa barabarani anza na ndogo kati ya zile mtengenezaji anazotoa kwa kompresa yako, na usimsikilize anayekwambia utajuta.

Ukiwa na silinda nne na manifoldi ya ekzosi yenye njia mbili zilizotengana, moja ikiunganisha silinda ya 1 na ya 4, nyingine ya 2 na ya 3, nyumba ya tabini yenye njia mbili itakupa mizunguko mamia kadhaa ya bure huku chini, kwa sababu pumzi ya silinda moja haimwingilii jirani yake. Bila manifoldi ya namna hiyo, usinunue nyumba hiyo.

Hatua ya 5: Beringi na westigeti

Beringi za gololi huamka haraka kuliko za bushi (pete za chuma zisizo na gololi), na gharama yake ni kubwa zaidi. Za bushi zinavumilia na zinakarabatika kirahisi. Nikiwa na bajeti ndogo nachukua bushi, nabakiza hela ya kutyuni, yaani kupanga upya mafuta na cheche kwenye kompyuta ya injini.

Westigeti ni mlango unaopitisha moshi wa ziada kando ya tabini ili busti isizidi. Ya ndani inatosha kwa magari mengi ya barabarani. Tatizo lake hutokea ukishafungua ekzosi yote: tundu dogo linashindwa kupitisha moshi wa ziada, na busti uliyoiweka bar 0.9 inapanda yenyewe mpaka 1.2 kadiri mizunguko inavyopanda. Ukiona hivyo, achia pedali ya mafuta kwanza, mjadala baadaye.

Hatua ya 6: Vinavyotangulia turbo

Pima kompresheni ya kila silinda. Injini iliyochoka ukiipa turbo mpya unaiharakisha tu. Hesabu nozeli za kunyunyiza mafuta: farasi 300 kwa silinda nne zinataka nozeli za kama cc 550 hadi 600 kwa dakika kila moja, na pampu inayoweza kuzilisha shinikizo la mafuta linapopandishwa na busti. Funga geji ya mchanganyiko wa hewa na mafuta. Tafuta fundi wa kutyuni kompyuta ya injini kabla hujanunua chochote, umuulize anaifahamu kompyuta yako au hapana.

Adui mkubwa ni injini kugonga, yaani mchanganyiko kulipuka wenyewe kabla ya zamu yake. Si tatizo la jana. Oldsmobile Jetfire ya 1962, mojawapo ya magari mawili ya kwanza ya abiria kuuzwa yakiwa na turbo, ilikuja na kijitanki cha maji na methanoli vilivyochanganywa kwenye hewa ili injini isigonge. Wenye magari wengi waliacha kijitanki kikauke. Wewe huna kijitanki, una okteni (uwezo wa kustahimili kugonga) ya petroli unayoipata kila siku. Tyuni kwa hiyo, usityuni kwa ile nzuri uliyoipata mara moja.

Hatua ya 7: Kufunga

Gasketi mpya kila mahali, hilo halina maelezo. Penye maelezo ni oili. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando wa oili, kwa hiyo ijaze oili kwa mkono kabla ya kuwasha, kisha zungusha injini kwa stata bila kuwaka mpaka shinikizo la oili lionekane. Za gololi nyingi zinahitaji kizuizi kwenye bomba la kuleta oili. Bomba la kurudisha liwe pana, literemke bila kupinda, na liingie kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, asante kwa darasa. Nikifunga turbo kubwa kidogo lakini nikaacha busti ileile ya bar 0.8, nitapata kitu au nimepoteza hela?*

Utapata, kaka. Geji ya busti inapima hewa inavyobanwa, haipimi imeingia kiasi gani. Turbo inayofanya kazi katikati ya kisiwa inatoa hewa ya baridi zaidi, yaani nzito zaidi, na tabini kubwa inaiachia injini pumzi. Kwa bar 0.8 hiyohiyo zinaingia gramu nyingi zaidi. Mafuta lazima yatyuniwe upya hata kama geji haijabadilika.

*Ninapoishi ni juu, kama mita 2,000. Hesabu inabadilika?*

Inabadilika sana, na karibu ningeisahau. Kwenye mita 2,000 hewa ya nje ina kama kilopaskali 80, ukitoa za filta kompresa inavuta 75. Kwa farasi zilezile 300 bado inatakiwa itoe 203. Uwiano unatoka 2.1 unakuwa 2.7. Nukta yako inapanda juu kwenye ramani na shafti inazunguka kwa kasi zaidi. Turbo iliyomtosha mtu wa pwani inaweza kukuishia njiani. Ama chagua yenye ramani ndefu kwenda juu, ama kubali farasi pungufu. Mimi ningekubali pungufu.

*Gari yangu ni otomatiki na injini haijafunguliwa. Si bora turbo ndogo inayoingia mapema ili nisiivunje?*

Hapa kuna mtego, dada. Konrodi (fimbo za pistoni) na giaboksi huvunjwa na torki zaidi kuliko farasi, na turbo ndogo ikipewa busti yote kwenye mizunguko 2,500 inatoa torki kubwa kwa mpigo mmoja. Chukua hiyo ndogo, lakini mwambie fundi aizuie busti chini na aipandishe taratibu mpaka 4,000. Hutaona tofauti kubwa kwenye kiti, giaboksi itaiona.

*Nimepata turbo iliyotumika. Nikishika shafti inacheza kidogo kushoto na kulia. Niiache?*

Kama ni ya bushi, kucheza kidogo kwa pembeni ikiwa kavu ni kawaida. Oili hujaza nafasi hiyo. Sukuma na vuta shafti kwa mbele na nyuma: huko usisikie mchezo unaoonekana kwa macho. Kisha ibane pembeni kwa kidole huku unaizungusha polepole. Jani la feni likigusa nyumba, au ukiona mkwaruzo unaong'aa ukutani, mrudishie mwenyewe.

*Nimeshafunga yangu wiki mbili sasa. Nikisimama kwenye taa moshi wa bluu unatoka, nikiondoka unapotea. Muuzaji kaniuzia mbovu?*

Inawezekana, lakini usimpigie bado. Turbo haina sili za mpira kama unavyodhani, ina pete za chuma, na oili isiposhuka haraka inatafuta njia ya tabini. Kwanza angalia bomba la kurudisha: limepinda, limelala, au gasketi yake imebanwa na silikoni iliyoziba nusu ya tundu? Kisha angalia kipumulio cha injini kama kimeziba, maana shinikizo ndani ya sampu linaizuia oili isirudi. Ingia chini ya gari, piga picha ya bomba hilo kutoka turbo mpaka sampu, uiweke hapa tuione.