Fungate ya bei nafuu kwa maharusi wa Lubumbashi

Kwenu mnaofunga ndoa kiangazi hiki hapa Lubumbashi: pesa ya fungate itengeni kabla kamati ya harusi haijaanza kugawa bajeti. Mpeni shangazi au mama mdogo mnayemwamini aitunze, maana ikichanganywa na ya ukumbi na vinywaji itamezwa yote.

Halafu msikimbilie mbali. Siku tatu za katikati ya wiki zinatosha, na siku hizo hoteli hupunguza bei kwa urahisi zaidi. Ombeni waziwazi, semeni ninyi ni maharusi. Ulizeni pia kama maji ya moto yapo na kama jenereta huwashwa usiku, kwa sababu baridi ya Juni na Julai si mchezo.

Mimi ningechagua Kapolowe, njia ya Likasi, karibu na ziwa Tshangalele. Asubuhi mnanunua samaki kwa wavuvi, mnaomba jikoni wawachomee, mnakula na bukari (ugali) kwa sahani moja, mkono kwa mkono. Kwangu mimi hayo ndiyo mahaba, kuliko meza ya vitambaa vyeupe. Maporomoko ya Lofoi kule Kundelungu, yenye kimo cha zaidi ya mita 300, ni mazuri ajabu, ila gari la kuhimili barabara ile litakula bajeti nzima. Yawekeeni akiba ya mwaka ujao.

Noti za dola zikagueni kabla ya kuondoka: iliyochanika hata kidogo pembeni itakataliwa. Na simu, moja tu ibaki wazi kwa ajili ya wazazi.