Kupanda maua pori ya asili kwa ajili ya nyuki wa asali

Kazi hii huanza kwa macho, jembe hufuata baadaye. Asubuhi yenye jua, umande ukishakauka, simama mbele ya maua yanayojiotea karibu na shamba lako na uhesabu nyuki wanaotua katika mita moja ya mraba kwa dakika 10. Rudia alasiri. Mimea mingine hutoa mbochi, yaani maji matamu ya ua, asubuhi tu, na ua lililojaa nyuki saa tatu laweza kuwa tupu saa nane.

Usiishie kuhesabu, inama uone nyuki anafanya nini. Akizamisha kichwa kwenye kitako cha ua na kutulia, anafyonza mbochi. Akihangaika juu ya vichwa vya stameni, vijiti vyembamba vya katikati ya ua vinavyobeba unga wa chavua, kisha akaelea hewani huku akijisugua miguu, anafungasha chavua, na utaona vidonge viwili vya rangi vikinenepa kwenye miguu yake ya nyuma. Mzinga unahitaji vyote viwili: mbochi ni nguvu ya kurukia na ndiyo asali yenyewe, chavua ni protini ya kulelea majana, yaani watoto wa nyuki. Anayetua na kuondoka papo hapo hajapata kitu, huyo usimhesabu.

Umbo la ua lina uzito kuliko uzuri wake. Ulimi wa nyuki wa asali una urefu wa milimita 6 hivi, kwa hiyo mrija mrefu humzuia hata kama ndani mna mbochi tele. Nyekundu haioni kama tunavyoiona sisi. Buluu, zambarau na njano huziona vizuri. Mimea pori ya jamii ya alizeti, ya rehani na ya kunde ni mwanzo mzuri karibu popote. Epuka maua ya bustani yaliyozalishwa yawe na petali rundo kwa rundo: mara nyingi petali hizo zimechukua nafasi ya stameni, na mbochi haufikiki. Tena, si kila kinachoota porini ni cha asili. Lantana, iliyotoka Amerika, imevamia nchi nyingi na kufukuza mimea ya hapo. Ukiwa na shaka na mmea, uache.

Chagua aina zinazopokezana, angalau tatu kwa kila kipindi cha mwaka ambacho nyuki hutoka mzingani. Pengo la wiki chache bila ua lolote huwaumiza kuliko unavyofikiri.

Mbegu zikusanye vikonyo vikishakuwa vya kahawia, na usichukue zaidi ya moja katika kila kumi. Zilizobaki ni za pori lenyewe. Zianike kivulini, uzihifadhi kwenye mfuko wa karatasi. Nailoni hufungia unyevu na mbegu huota ukungu. Mbegu za jamii ya kunde zina ganda gumu: zisugue kwa msasa mpaka zipoteze mng'ao, kisha ziloweke usiku kucha. Zilizovimba ziko tayari. Ambazo hazijavimba, zisugue tena.

Wengi hushindwa kwenye udongo. Usitie samadi wala mbolea. Rutuba nyingi huzipa nguvu nyasi na magugu, nayo maua pori husongwa kabla hayajachanua. Lainisha ardhi, imwagilie, subiri wiki 2 hadi 3 magugu yaote, kisha yapalilie juu juu, kina kisizidi sentimita 2. Ukichimba zaidi unaibua mbegu nyingine za magugu zilizolala chini. Fanya hivyo mara mbili, hata kama mikono inawasha kupanda.

Panda ardhi inapoanza kushika unyevu wa mvua. Gramu 3 kwa mita ya mraba zinatosha. Changanya sehemu moja ya mbegu na kumi za mchanga mkavu, ili usambae sawa na uone ulipokwisha kupita. Usifukie mbegu ndogo, nyingi huhitaji mwanga ili ziote. Zikandamize kwa ubao au miguu. Kila aina ipe fungu lake la mita moja ya mraba au zaidi, kwa maana nyuki akitoka hushikilia ua la aina moja safari nzima, na maua yaliyotawanyika moja moja humpotezea muda.

Aina nyingi za kudumu hutoa majani tu mwaka wa kwanza. Usizing'oe. Mbegu zikishapukutika, fyeka ukiacha sentimita 10, na uondoe mabua yote, la sivyo yataoza na kurutubisha ardhi. Theluthi moja iache bila kufyekwa. Weka sahani ya maji yenye mawe ya kutulia, maana nyuki huzama kirahisi.

Dawa za wadudu zisikaribie eneo hilo. Baadhi hunyonywa na mmea mzima mpaka kwenye mbochi na chavua, hivyo kupulizia jioni hakusaidii. Zungumza na majirani pia, kwa kuwa nyuki huruka kilomita 3 na zaidi kutafuta chakula. Kwa sababu hiyo hiyo, shamba dogo la maua ni nyongeza tu kwa mzinga, halitaulisha peke yake. Usirundike mizinga kandokando yake: nyuki wa porini wanaoishi mmoja mmoja hawaruki mbali hivyo, nao watakosa chakula.