Linux imegoma baada ya stima kupotea? Usikubali kuformatiwa kwanza, pitia hapa

Assalam aleikum na habari zenu wote. Somo hili naliandika kwa sababu naona watu wanabeba laptopu mpaka mjini, fundi anaiangalia dakika mbili anasema "OS imekufa hii, lazima tuformati", mtu anarudi nyumbani na mashine safi lakini picha za harusi hazipo, hesabu za duka hazipo, na kusema kweli ile OS (mfumo unaoendesha mashine, yaani Linux yenyewe) haikuwa imekufa hata kidogo. Mara nyingi ni diski imejaa, au saa imerudi nyuma, au apdeti ilikatika katikati stima ilipokwenda. Mambo ya robo saa hayo, na yote waweza kuyafanya mwenyewe ukiwa nyumbani.

Mifano yangu ni ya Ubuntu na Mint (zote ni aina za Linux) kwa sababu ndizo wengi wanazo kwenye zile mashine za ex-UK, Debian nayo ni karibu ile ile.

Hatua ya 1: soma kilichoandikwa

Usikimbilie kuzima na kuwasha. Piga picha ya skrini kwa simu mwanzo, sababu yale maandishi ndiyo yanakwambia ugonjwa. Kama skrini imeganda bonyeza Ctrl+Alt+F3, itakuja skrini nyeusi ya maandishi, weka jina lako na paswadi (paswadi haionekani ukiiandika, ni kawaida, kibodi yako ni nzima). Kisha:

`journalctl -p err -b -1`

Hiyo yakuonyesha makosa ya mara iliyopita mashine ilipowaka. Ukitaka ya sasa toa ile -1. Usiogope ukiona mistari mingi, mashine nzima kabisa nayo huwa na makosa yake madogo madogo ya ACPI (usimamizi wa umeme) na bluetooth. Wewe tafuta maneno kama `No space left on device`, `EXT4-fs error`, `I/O error`.

Hatua ya 2: diski imejaa?

Hii ndiyo inadanganya watu sana. Unaweka paswadi sahihi, skrini inakuwa nyeusi kidogo halafu inakurudisha pale pale kwa paswadi, mara kumi. Mtu anadhani amehakiwa. Kumbe mashine haina hata nafasi ya kuandika vijifaili vidogo inavyohitaji ili ikufungulie desktopu. Ingia kwa Ctrl+Alt+F3 kama nilivyosema, andika:

`df -h`

Tazama mstari ulioishia na `/` peke yake. Ikiwa ni 100%, basi ushapata mchawi. Anza na vitu ambavyo havina hasara:

`sudo apt clean`
`sudo journalctl --vacuum-size=200M`
`sudo apt autoremove`

Ya kwanza inafuta paketi zilizodaunlodiwa zikabaki, ya pili inapunguza logi za zamani, ya tatu inaondoa programu zisizotumika na keneli (kiini cha Linux) za zamani (isome orodha kabla ya kukubali). Usisahau takataka pia, faili ulilolifuta kwa mausi bado liko `~/.local/share/Trash` linakula nafasi. Bado haitoshi? Tafuta mlaji:

`sudo du -xh / --max-depth=1 | sort -h`

Mstari wa chini kabisa ni jumla ya zote, folda kubwa ni ile iliyo juu yake, ingia folda hiyo urudie tena mpaka umfikie. Na kama df inasema nafasi ipo lakini bado unaambiwa imejaa, jaribu `df -i`, hapo tatizo ni idadi ya faili, mamilioni ya vifaili vidogo, si ukubwa wake.

Hatua ya 3: inakwama kwa `(initramfs)`

Stima imekatika ghafla, laptopu batri yake ilishakufa zamani, ukiwasha unakuta skrini nyeusi na neno hilo, yaani mashine imekwama kabla ya kufungua diski. Hapa ndipo watu wengi wanapoformatiwa bure, na ndipo naomba msome polepole. Juu yake huwa kuna mstari kama huu:

`/dev/sda2: UNEXPECTED INCONSISTENCY, RUN fsck MANUALLY`

Mashine yenyewe imekupa jina la sehemu ya diski na imekupa dawa, fsck, amri ya kukagua na kutengeneza diski. Andika jina lile lile uliloliona kwako, inaweza kuwa sda1, inaweza kuwa nvme0n1p2:

`fsck -y /dev/sda2`

Ingoje imalize, usiizime hata ikichukua muda, kisha andika `exit` na itaendelea kuwaka. Vipande vya faili ambavyo havikupata mwenyewe vinawekwa kwenye folda ya `lost+found`. Jambo moja la kushika sana: usitembeze fsck kwenye diski ambayo inatumika wakati huo, utaiharibu. Hapo kwa initramfs ni salama kwa sababu diski bado haijafunguliwa.

Lakini ukiona `I/O error` zinamiminika, SIMAMA. Hapo diski yenyewe inakufa na fsck itazidi kuichosha. Waka kwa flashi ya Ubuntu, chagua kujaribu bila kuinstoli, nakili vitu vyako kwenye diski ya nje kwanza, mengine baadaye. Kisha instoli smartmontools na `sudo smartctl -a /dev/sda` itakuonyesha hali yake, angalia `Current_Pending_Sector` na `Reallocated_Sector_Ct`, zikiwa zinapanda siku baada ya siku nunua diski nyingine.

Hatua ya 4: saa

Mashine za zamani kile kibatri cha ndani, CR2032, kimeisha. Stima ikienda saa inarudi nyuma miaka. Basi intaneti haipatikani ukaanza kulaumu rauta, brauza inakataa kila saiti ikisema si salama, apt inasema `Release file is not valid yet`. Yaani cheti cha saiti kina tarehe yake ya kuanza, na kwa mashine yako tarehe hiyo bado haijafika.

`timedatectl`
`sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi`
`sudo timedatectl set-ntp true`

Halafu badilisha kibatri, maduka ya saa wanacho, bei ndogo.

Hatua ya 5: apdeti iliyokatika

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt --fix-broken install`

Kwa mpangilio huo. Kawaida hapo yamekwisha.

Hatua ya 6: neti

Pima kwa ngazi. `ip route` itakupa namba ya rauta mbele ya default, iping (andika `ping` na namba hiyo uone kama inajibu). Kisha `ping 1.1.1.1`, kisha `ping google.com`. Rauta haijibu, tatizo ni la ndani ya nyumba, cheki `rfkill list` kama waifai imefungwa. Namba inajibu lakini jina halijibu, ni DNS (huduma inayogeuza jina la saiti kuwa namba). Rauta inajibu na nje hakuna kitu, mpigie anayekuuzia intaneti. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa Afrika Kusini mtandao ulizorota Afrika Mashariki nzima, hapo hata ungejua amri zote za dunia zisingesaidia.

MASWALI

Mdau wa Kisauni: Shukran ustadh. Mimi nimefuta faili la logi la 40GB lakini df bado yasema 100%, mbona?

Kuna programu bado imelishikilia. Kwa Linux faili likifutwa na bado limefunguliwa nafasi hairudi mpaka programu iliachie. `sudo lsof +L1` itakuonyesha nani, irestati hiyo programu, au restati mashine yote kama si seva.

Mdau wa Likoni: Nina Windows na Ubuntu kwa laptopu moja, nikitoka Ubuntu nikaingia Windows saa iko nyuma masaa matatu. Kibatri?

La, kibatri ni kizima. Ubuntu huandika kwenye ubao wa mama (motherboard) saa ya UTC, ile saa ya dunia nzima, Windows ikiisoma inadhani ni saa ya hapa kwetu, na sisi tuko mbele masaa matatu. Kwa hiyo saa kumi na moja jioni inakuwa saa nane mchana. Njia rahisi ni `sudo timedatectl set-local-rtc 1`, ingawa yenyewe itakuonya kuwa haipendi. Kwetu hatubadilishi saa kwa majira kama Ulaya kwa hivyo sioni ubaya.

Mdau wa Bamburi: Yangu inazima yenyewe mchana, journalctl haionyeshi kitu, logi inakatika tu.

Logi ikikatika ghafla bila kosa, shuku joto au umeme. Instoli `lm-sensors`, andika `sensors`, uiangalie ikifanya kazi nzito. Ikikaribia digrii 100 basi ni hiyo. Kaskazi hii feni ikijaa vumbi haiwezi. Ifungue isafishwe, wekewa pasta mpya ya prosesa, na kwa sisi tulio karibu na bahari mwambie fundi atazame kutu kwenye miguu ya RAM.

Mdau wa Changamwe: `Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend`. Nimeona mahali wanasema futa hilo faili la lock.

Usilifute kaka. Mara nyingi Ubuntu inajiapdeti yenyewe kimya kimya, ingoje dakika kumi. Angalia `ps aux | grep -E 'apt|dpkg|unattended'`. Ukilifuta wakati kazi inaendelea, programu mbili zitaandika pamoja na hapo ndipo utaharibu paketi kweli.

Mdau wa Mji wa Kale: Natumia Mac, haya yananihusu?

df, du, ping, ps na lsof zote zipo, macOS nayo ni Unix. Apt, dpkg, journalctl na timedatectl hutazipata. Kwa diski tumia Disk Utility ubonyeze First Aid, usihangaike na fsck.